Kofia Iliyoandikwa Manteau

Kapata, Jumatano

Yaya yangu Mado, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani huko Mutshatsha. Natumaini goti lako limepoa kidogo na mvua haikuharibu mihogo uliyoianika. Sisi hatujambo. Mke wangu Adèle anakohoa kwa vumbi la malori, lakini anakwenda kazini. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida wa mtu wa redio ambaye kila msimu wa mvua anatangaza mashimo ya madini yaliyobomoka. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nampa Omer, dereva wa lori la makaa, barua hii. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla ya kumwita mtu yeyote. Nitaeleza mambo kwa mpangilio kwa sababu nakujua: neno la kwanza utakaloniuliza ni nimejuaje.

Mwanao Sadrack alipoacha kupiga simu, uliniomba nimtafute. Nilizunguka kwa wachimbaji nikitaja jina lake, na hakuna aliyelijua. Chini kule kila mtu ana jina la mgodi, limeandikwa kwa rangi kwenye kofia yake, na la nyumbani halimhusu mtu. Mwishowe niliuliza habari za kijana anayetembea na vile vitabu vya picha vya Kifaransa, vya mashujaa wanaoruka. Kijana mmoja aitwaye Gael alijibu mara moja kwamba huyo ni Manteau, amekufa shimoni, na akanipeleka kwenye kaburi. Msalaba wa mbao, neno MANTEAU, basi. Alinipa kofia ya marehemu na vitabu vinne. Ndani ya kila kimoja Sadrack ameandika jina lake, na mwandiko ni wake. Nilikueleza nilichokiona, nikatangaza redioni kifo cha Manteau, nawe ukatangaza kilio cha Jumamosi hii.

Vitabu vilibaki kwangu. Sikuwahi kusoma vitabu vya namna hiyo. Nilivisoma redioni tulipokuwa tunangoja umeme urudi, maana nilitaka kujua mtoto alikuwa akitafuta nini humo. Ni watu wenye nguvu za ajabu, wanavaa nguo za kubana na kuficha sura. Misuli yao imejaa kama mifuko ya madini. Mmoja, mwenye manteau nyekundu mgongoni, yaani joho linalopepea, anainua mlima kwa mkono mmoja. Mji unabomolewa, na ukifungua ukurasa unaofuata umesimama tena, wala huoni fundi. Hakuna anayechoka. Mwandishi wa habari yumo pia, kijana wa viatu safi, na kila mara anafika kabla jengo halijaanguka. Mimi nimefika baadaye, miaka yangu yote. Hata kufa wanakufa, lakini hawadumu: aliyezikwa katika kitabu cha pili anarudi katika cha tatu, na hakuna jirani anayeshtuka. Rangi ni nzuri, hilo sikatai. Ila kila nilipokifunga kitabu nilikuwa nimechoka zaidi kuliko nilipokifungua.

Cha nne ndicho kilichonisumbua. Humo mwenye manteau anaacha kazi. Anavua vazi, anampa mtu mwingine, na huyo mwingine anapita mjini watu wakimpigia makofi. Jina ni lile lile, manteau ni ile ile, aliye ndani ni mwingine. Niliinua macho nikaitazama kofia iliyokuwa juu ya meza. Kamba ya kidevuni ilikuwa imepigwa mafundo ili ikae kwenye kichwa kidogo. Yaya, Sadrack ana kichwa kikubwa cha baba yetu. Unakumbuka kofia ya skauti iliyokataa kumwingia, mpaka ukaipasua nyuma kwa mkasi.

Nilirudi kule. Safari hii nilimkuta Ngoyi, mkubwa wa kikosi, ambaye mara ya kwanza alikuwa amekwenda Likasi. Nilipoweka vitabu chini walianza kucheka, wakamjadili yule shujaa kama mwenzao wa kazi. Gael alisema nguo yake ingemnyonga kabla hajafika nusu ya shimo. Ngoyi alitaka kujua jambo moja tu: akishainua ule mlima, udongo anaupeleka wapi? Ndipo nikauliza habari za kofia, na kicheko kikaisha. Ngoyi aliniangalia akasema: “Tata journaliste, uko natafuta Manteau gani? Wa kwanza alishaka kwenda. Ule tulizika ni wa pili.” Akanieleza kwamba anayeondoka humwachia kofia anayeingia, na jina linabaki kwenye kofia, kwa sababu chini hakuna nafasi ya kujifunza jina jipya. Gael alikuwa mgeni pale. Alimjua huyo wa pili peke yake.

Yaya, Sadrack yuko hai. Ngoyi alinielekeza Fungurume, na juzi nilimwona huko kwa macho yangu, anaosha malori. Nimemshika mkono. Amekonda, lakini ni mzima. Aliacha kuchimba siku ukuta wa shimo ulipoanguka karibu na miguu yake, akaona haya kukupigia simu mikono mitupu. Kofia na vitabu alimwachia kijana aliyechukua nafasi yake. Kisha akanisikia redioni nikitangaza kwamba Manteau amekufa. Tangu hapo hakuthubutu kabisa kutupigia, wewe wala mimi. Anasema mtu mwingine amekufa ndani ya jina lake, na kwamba ni yeye aliyempa hilo jina. Nilimwacha alie.

Atafika nyumbani Jumamosi. Lakini ana ombi, nami naliunga mkono: usiwarudishe watu wa kilio. Kuhusu yule aliyezikwa, Ngoyi anajua kwamba alikuwa akiongea Kiluba usingizini, na Sadrack anajua kwamba hakujua kusoma. Alitazama picha, Sadrack akamsomea maneno. Hakuna anayejua zaidi. Nitamtangaza redioni, lakini nitatangaza kofia, maana jina sina. Mahali fulani mama yake anapiga simu isiyoita, kama wewe wiki zile. Basi waketi hao watu uliowaalika, waimbe, wamlilie yeye. Sadrack atakaa upande wa wafiwa.

Nisalimie Marlène na mama wote wa kanisa, na umpe Omer chakula kabla hajaanza kurudi. Vitabu namwachia avilete pamoja na barua. Kofia nimeirudisha kaburini, nimeitundika juu ya msalaba.

Ni mimi mdogo wako,
Stany