Mama Mkubwa Kwenye Maporomoko

Jumamosi, Julai 1991

Aibu hii sijui nitaiweka wapi.

Zamani huku kwetu milimani walikuja wanafunzi wa chuo cha Mzumbe, na Mzungu mmoja mmoja wa kutazama ndege. Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, kila mwisho wa juma magari yanapanda kutoka Dar, nami nimepata kazi ya kuwapeleka wageni kwenye maporomoko. Nilikuwa najivunia wingi wao.

Leo tulimkuta mama mkubwa pale, anafua. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mgeni mmoja alitaka picha ya maji matupu, asionekane mtu. Nikapaza sauti kama bosi: "We mama, hebu toka hapo, wageni wanapiga picha!"

Hata shikamoo sikumpa.

Akakusanya nguo zake mbichi, akajitwika.

"Unamfahamu?" mgeni akaniuliza.

"Hapana, wa kijijini tu."

Alisikia. Alikuwa anapita mbele yetu.

Jioni nikaenda kwake. "Shikamoo, mama mkubwa. Nimekukosea sana."

"Marahaba, mwanangu. Kaa ule."

Akanipakulia ugali na mchicha. Hakunigombeza. Nilitamani anitukane.

Nilipoaga akanisindikiza mpaka njiani, akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa: "Kesho wageni wako wanafika saa ngapi? Nataka niwahi kuchota maji kabla yao."

Hata bibi yake, enzi zake, alichota maji palepale.

Nami nikamtajia saa. Mungu wangu, nikamtajia.