Shimo Kando ya Geti

Kwa kaka yangu Ochieng, mkubwa kwa umri tu, maana kwa sura nilikupita zamani,

Kifua cha Mama kimetulia? Na wewe, vumbi la machimbo ya Macalder bado unalikohoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza inaingia hadi kwenye meno.

Yule mama mwenye farasi aliyenitoa Nairobi hakukosea kunileta huku. Hapa chuoni nasomea kufundisha watu kupanda farasi. Cheka tu. Mimi niliyeacha shule nikaswaga punda wa maji, leo namwambia mtoto wa tajiri anyooshe mgongo, na ananyoosha. Farasi wananipenda kuliko shemeji anavyokupenda wewe.

Somo la pili ni mazingira. Sikulitaka, lakini ati mwalimu wa farasi lazima ajue malisho, udongo na maji. Wiki jana mwalimu alituonyesha ukutani picha iliyopigwa kutoka angani, akasema hii ni nchi iliyoharibiwa na machimbo ya dhahabu. Omera, ndugu yangu, ilikuwa kwetu. Niliona mto, bati la kanisa, nyumba ya Mama.

Unanijua. Nilisimama bila kuitwa, nikawaambia hapo ni kwa baba yangu, na sasa wataona simba yangu, nyumba niliyojenga mwenyewe nikiwa kijana. Nikaenda mbele nikaweka kidole kando ya geti, pale Baba alipopima kwa hatua zake kabla hajafa, akasema, "Hapa ndipo pako."

Kidole kilikuwa juu ya shimo.

Mwalimu akauliza nyumba ni ipi. Nikasema picha ni ya zamani, sikuwa nimejenga. Wakacheka, nikacheka nao.

Kila tukiongea kwa simu unaniambia simba iko, shemeji anaifagia. Jioni ile nilimpigia yeye. Akasema dhahabu ilipita chini ya simba yangu, na wewe ukawaambia wachimbaji, "Bomoeni. Mtu wa farasi harudi."

Nikija Disemba nitalala wapi? Mtu mzima halali nyumba ya mama yake, unajua vizuri. Au unanitandikia gunia mlangoni pako? Huku hata farasi ana chumba chenye jina lake, na anayekifagia ni mimi.

Dhahabu sikuulizi, kula. Lakini shimo lijaze kwa udongo uleule, ukanyage mpaka ushikamane. Ukishindwa, basi niambie kwa mdomo wako, usimtume shemeji, kwamba Baba alikosea kunionyesha pale.

Nisalimie Mama, anayepita hapo kila asubuhi na hajaniambia kitu. Shemeji, mwambie asante kwa ukweli. Nyanya ajue kwamba huku farasi haliwi. Na mjomba wetu muuza mitumba wa Rodi Kopany, koti lake ndilo ninalolalia.

Mdogo wako,
Otieno, wa pale kando ya geti