Ukanda Usioota Nyasi

Duluth, Minnesota
14 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu haikusumbui sana. Mimi ni mzima wa afya. Najua miaka tisa ya ukimya ni mingi. Niliishi huku bila vibali, nikaogopa simu, kisha nikaogopa utakayoniuliza. Sasa vibali nimepata.

Nimepanga nyumba yenye uwanja wa nyasi, na mkataba unanitaka niutunze. Kila Jumamosi nasukuma mashine. Utacheka: nyasi nzuri vile, nazimwagilia na kuzitia mbolea, halafu hakuna ng'ombe. Wiki hii nasia mbegu kabla baridi haijashika ardhi. Kuna ukanda mmoja karibu na uzio haukubali kitu. Nimeuchimbua, nimebadilisha udongo, bado uko mtupu.

Msalimie Dada Anande. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Elinami


Akheri, Arusha
5 Novemba 2023

Mdogo wangu Elinami,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, mvua za vuli zimeanza na migomba imechangamka. Barua yako niliifungua mimi, nikalia hadi sauti ikakauka.

Mama alipoona mwandiko wako aliishika barua kwa koleo la jikoni, akaitoa nje, akanawa mikono. Usiudhike, nitakueleza. Kwanza nijibu: huo ukanda una urefu gani? Na usipige simu. Akisikia sauti yako ataanguka.

Dada yako,
Anande


Duluth
12 Desemba 2023

Dada Anande,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu inang'ata masikio. Nyasi nimezikata mara ya mwisho, fupi, na majani ya miti nimeyaokota yote. Yakibaki chini ya theluji, nyasi huota ukungu.

Swali lako lilinichekesha. Sikuwa na futi ya kupimia, basi nikajilaza pale chali. Umenienea, kisigino hadi utosi. Nikainuka upesi bila kujua naogopa nini. Sasa theluji imefunika uwanja wote, lakini nikipita bado nauzunguka ukanda ule. Niambie, Dada. Kwa nini Mama anawe mikono?

Mdogo wako,
Elinami


Akheri
20 Februari 2024

Mdogo wangu,

Pole na baridi. Huku tu wazima, ila Mama anakula kidogo.

Elinami, tulikuzika. Mwaka wa tano wa ukimya wako, mtu aliyetoka huko alisema ulikufa kwenye theluji. Mwili hatukuwa nao. Mjomba Nathanaeli akaelekeza tukate mgomba kwa kimo chako, tuuvike shati lako, tuuzike shambani karibu na Baba. Udongo niliumwaga kwa mkono wangu. Tukapanda masale ya kaburi juu yake. Mama alinyoa nywele, akalia, akamaliza.

Nikimwambia uko hai, anasema: "Nikimkubali, ataanza kunifia tena kila anaponyamaza. Aniache na huyu niliyenaye."

Mjomba anasema uje mwenyewe uufukue mgomba huo kwa mikono yako, mchana, watu wakiona. Bila hivyo, kwa Mama wewe ni marehemu anayeandika barua. Njoo, nakuomba.

Dada yako,
Anande


Duluth
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi mno. Simlaumu Mama, wala wewe.

Theluji imeyeyuka, na nyasi ni kijani kila upande isipokuwa pale. Mbegu zilizobaki nimempa jirani. Nikitazama ukanda ule dirishani naona kama nimetandikiwa kitanda, na naogopa, siwezi kukuficha. Lakini tiketi nimeshakata. Nafika uwanja wa ndege wa KIA tarehe kumi Agosti. Mwambie Mama nakuja na mwili wangu, aushike.

Mdogo wako,
Elinami


Akheri
3 Septemba 2024

Mdogo wangu Elinami,

Hujambo? Nauliza kwa desturi tu, maana jibu silijui.

Tarehe kumi Mjomba na mimi tulikwenda KIA, tukakaa hadi abiria wa mwisho akatoka. Namba ya simu uliyoniandikia nyuma ya bahasha haipatikani. Kama umebadili mawazo, sema tu, sitakasirika.

Kuna jambo sikukueleza. Nilimsomea Mama kwamba umekata tiketi. Asubuhi yake nilimkuta shambani na jembe. Hakungoja mikono yako. Alichimba hadi chini. Mgomba ulikuwa umeoza wote, hata shati halipo. Akatazama humo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hayumo." Alicheka, Elinami. Siku ile alikula sahani nzima ya ndizi, akalitaja jina lako mbele ya watu. Tangu hapo anakumiminia chai kila asubuhi, na ikipoa anaimwaga.

Wazee wanataka shimo lifukiwe. Mama amekataa. Amehamishia kigoda chake pembeni ya shimo, na jana aliniambia nikuandikie maneno haya bila kuyabadili:

"Mwambie kwake ni wazi. Akichelewa, atanikuta nimelala humo mimi."

Dada yako,
Anande