Fundo la Otieno

Mjukuu wangu Baraka,

Huku Durban tu wazima. Bibi yako amerudi kwaya, na shangazi yako amejifungua msichana mwenye sauti ya refa.

Unauliza kama mashabiki wa huko Marekani wanasema kweli, kwamba hufai katika futiboli yao ya mikono kwa sababu hudaki mipira mingi. Jumamosi nilitazama mchezo wako kwenye simu ya kinyozi wangu Mkongo, hapa mtaani Point. Akacheka: "Huyu iko anakimbia bure tu!"

Mimi nilikuwa winga wa soka Kisumu. Kwetu, aliyefunga bao alivishwa leso shingoni na akina mama. Siku moja nilikimbia pembeni bila mpira, mabeki wawili wakanifuata, mwenzangu Otieno akabaki peke yake na kufunga. Mashabiki walikuwa bado wananizomea Otieno alipoivua leso yake, akanivika mimi na kuipiga fundo.

Basi nikamwambia kinyozi arudishe picha nyuma, ahesabu waliokukimbilia. Watatu! Mwenzako akapita bila kuguswa.

"Eish, mzee! Huyu ni nani wako?"

Nilimjibu kwa sauti hadi barabarani wakasikia.

Leso ile nimeiweka humu bahashani. Ipitishe kichwani hadi shingoni, kama nilivyoivua. Fundo la Otieno sijawahi kulifungua.

Babu yako