Kitanda Kilichotandikwa Siku ya Sensa

Nyumbani, nyuma ya soko,
Tarehe 9 Machi.

Kaka mpendwa,

Kabla ya yote, hujambo? Na mgongo je? Tumesikia unakusumbua tangu wakuhamishie kwenye kupakia makasha. Ukande kwa maji ya moto, usijitie ugumu. Huku sote tu wazima. Shemeji yako anakoroma vilevile, na wapwa zako wanarefuka mpaka sare za shule zinatutia aibu.

Sasa nikusimulie ya sensa. Walimu wengi tulichukuliwa kuwa makarani, nami nikapangiwa mtaa wetu wenyewe. Nikadhani kazi itakuwa mteremko. Kumbe nyumba ngumu kuliko zote ilikuwa ya mama!

Nilimkuta amevaa gauni lake la kutokea, kajikalisha sebuleni kama mgeni rasmi. Umri akajibu, elimu akajibu, mpaka choo akanieleza. Nilipouliza ni nani waliolala humu usiku wa kuamkia leo, akasema, "Mimi na kaka yako."

"Mama, kaka yuko ng'ambo."

"Kitanda chake nimekitandika mwenyewe. Mwandike."

Nikamweleza kwamba mtu huhesabiwa pale alipolala, na kwamba mimi nimekula kiapo. Akanitazama kama mtoto wa watu. "Kwa hiyo mwanangu hayumo duniani?" Akanyanyuka, akaenda zake jikoni. Sikukuandika, kaka. Kwa majuma kadhaa mama akawa ananijibu kwa mkato tu.

Mwezi uliopita matokeo yakatoka. Nchi nzima tumeongezeka sana, na wanawake tumewazidi wanaume kidogo tu. Lakini mwenyekiti wa mtaa alipotusomea ya kwetu mkutanoni, tulishika vinywa: kwa watu wa rika lako, wanawake ni karibu mara mbili ya wanaume. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akapiga ukelele, "Nami nilidhani nina gundu la kukosa mume, kumbe ni hesabu!" Watu wakacheka hadi machozi.

Mama hakucheka. Yeye ambaye hajawahi kufungua mdomo mkutanoni, alisimama.

"Hao waliopungua wako wapi?"

"Wamekwenda kutafuta riziki, mama. Migodini, mijini, ng'ambo," mwenyekiti akajibu.

Mama akawageukia wanawake. "Nani mwingine ana kitanda kitupu kwake?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine, mpaka ukumbi ukajaa mikono. Kaka, nilijifuta macho kwa kiganja. Nilipita nyumba zile zote na kalamu yangu, lakini sikuwa nimeyaona hayo.

Mama bado amesimama. "Basi kama sisi ndio tuliobaki, mbona kamati ya maji ni wanaume watupu, na nusu yao wameshahama?" Vigelegele vikalipuka. Kamati ikachaguliwa upya palepale, na mama yako ndiye mwenyekiti wake! Siku hizi bomba hufunguliwa kabla watoto hawajaenda shule, si mpaka mwenye ufunguo ashibe usingizi. Anatembea mtaa mzima akikagua mabomba, na kugombeza ndiyo usiseme.

Jana nilipopita kwake alinimiminia chai, akanisogezea kiti karibu naye. Nilipoaga akanishika mkono, akanipa ujumbe wa kukufikishia: "Mwambie huko aliko, wakija kuhesabu asijifiche. Afungue mlango, ataje jina lake, na aseme ana mama."

Nisalimie binamu unayeishi naye, na yule mpishi rafiki yenu. Baba mdogo na shangazi wanakusalimu, nao wapwa zako wanamwamkia mjomba wao. Mola akutangulie kazini, na akurudishe kitandani kila jioni ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye pasipo kipimo,
Kiroboto