Kalama Amejitoa

Kinango

Dada Umazi,

Shikamoo. Huko Ulaya unakofunzwa utafiti wa dawa, usiwe na wasiwasi: mwanamume wa nyumba nipo, hata sauti imenenepa.

Mchumba wako Kalama alikuja na wazee wake kuvunja posa. Nikamuuliza sababu. Akasema wewe mwenyewe ulifundisha barazani kwamba mshiriki wa utafiti anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Nikamwambia, "Sawa shemeji, lakini mbuzi wa mahari hawajajitoa."

Wazee wake walicheka, yeye akanuna.

Mama alilia kidogo. Amenikataza kukwambia, usije ukaacha mafunzo ukarudi mbio. Basi sijakwambia. Maliza, dada. Mbuzi nawachunga mimi.

Nduguyo asiyekwambia kitu,
Nyamawi