Mama, Usikabidhi Funguo Jumatatu

Mpendwa mama,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye chumba chako, nimevaa koti. Ni saa nne asubuhi, jua linawaka barabarani, lakini humu kipimajoto kinasoma nyuzi kumi. Shangazi Tabu atakusomea barua hii. Mwambie asiruke kitu.

Unaikumbuka Jumamosi ile ya Januari? Ulikuwa umekuja kututembelea, bado tumepanga pale Granville, na joto lilikuwa nyuzi arobaini. Tulipanda treni mpaka Campbelltown, safari ndefu, wewe ukijipepea kwa gazeti lenye habari niliyoiandika. "Leo limepata kazi," ulisema.

Nyumba hii ilifunguliwa kwa wanunuzi kwa nusu saa tu, ndivyo wanavyofanya huku. Kila aliyeingia alishusha pumzi, maana ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na hakuna hata feni iliyokuwa ikizunguka. Wewe ulivua viatu, ukasimama kwenye vigae, ukaweka kiganja ukutani kama unavyogusa paji la uso la mtoto mgonjwa.

"Baba, miguu inaniganda," uliniambia.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Nje kunaungua."

"Nje ni leo. Na mwezi wa saba?"

"Hapa si Makete, mama. Hapa ni Sydney, watu wanaogelea."

Dalali, binti mwenye suruali nyeupe, akauliza unasemaje. Nikamwambia unasema nyumba inapoza vizuri. Kiingereza hukijui, lakini ulijua maneno yako hayakufika. Ukavaa viatu, ukaokota taulo lililoviringishwa nyuma ya mlango wa sebule, ukanionyesha. Dalali alisema ni la kuzuia wadudu.

Nimeuliza maswali kwa miaka ishirini na sita, na kazi ya mwandishi wa habari ni swali la pili, lile linalofuata jibu la kwanza. Siku ile sikuliuliza. Baridi ya mwaka uliotangulia ulikuwa umelazwa kwa kifua, na nilikuwa nimesikia kikohozi chako kwenye simu wiki tatu mfululizo. Nilitaka kukutoa Makete. Wiki iliyofuata, kwenye mnada pale uani, nilinyoosha mkono mpaka wengine wakashusha yao. Wewe ulipiga makofi kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

Wala sikuuliza jua linapita wapi. Kwetu jua linapita juu ya paa, mtu anayetafuta nyumba anauliza maji na barabara. Huku mwezi wa sita jua hupita chini, upande wa kaskazini. Madirisha yote makubwa ya nyumba hii yanatazama kusini, na kaskazini kuna ukuta wa ghorofa ya jirani. Januari miale ya asubuhi ilifika sebuleni, wewe mwenyewe uliiona. Tangu mwezi wa tano haijaingia hata mara moja. Taulo lile sasa nalilaza kila jioni chini ya mlango. Halikuwa la wadudu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama nje naota jua. Jirani yetu Mama Divine, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na sasa anahudumia wazee, akaniona.

"Eh, Papa Neema! Na weye umeanza kutoka nje?"

"Nyumba ina baridi."

"Si nyumba hiyo, ni frigo ya kugandisha nyama!" Alicheka mpaka akashika uzio. "Wale waliokaa humo mbele yako walikuwa wanakunywa chai hapo hapo umesimama. Na wa mbele yao pia. Kila mara inauzwa mwezi wa kwanza. Weye mtu wa habari, haukuuliza jirani?"

"Sikuuliza."

"Basi ngoja mwezi wa kwanza, na weye uuze."

Hapo ndipo nilipo, mama. Benki iliyonikopesha haiulizi kama nasikia baridi. Sasa hivi hakuna atakayeinunua, na Januari atakuja mtu kutoka kwenye joto, atashusha pumzi mlangoni kama mimi. Nitatakiwa kunyamaza kwa nusu saa tu. Sijui kama nitaweza.

Kwetu baridi ilikuwa kali kuliko hii. Ulivunja barafu kwenye beseni ndipo tunawe. Lakini kulikuwa na jiko, na sisi sote saba tuliuzunguka moto, nyuso zinaungua, nyuma tunaganda, wewe ukitusimamia kama mahindi: "Geukeni, sasa migongo." Nyumba ile ilijengwa na watu walioijua baridi. Hii ilijengwa na watu waliodhani itapita. Tuna hita mbili, na kila moja inapasha magoti ya aliye mbele yake. Neema anafanya kazi za shule kitandani, amevaa glavu. Jana nilimwambia bibi anakuja baada ya wiki tatu. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: atalala wapi? Nyuma ya kabati lako kuna ukungu mweusi. Naufuta, unarudi.

Kanisani nilisimama nikashukuru kwa nyumba yenye chumba cha mama, wakapiga makofi. Kwenye simu uliniuliza, "Chumba changu kina joto?" Nikasema kina joto. Kazini tukikosea tunachapisha masahihisho bila kuyapamba. Haya ndiyo yangu, na nayatoa mbele ya Shangazi Tabu kwa sababu uongo niliutoa mbele ya watu.

Juzi ulisema wale walimu wawili uliowapangisha nyumba wanahamia kwako Jumatatu, kwa mwaka mzima. Mama, usiwakabidhi funguo. Tiketi tutaisogeza mpaka Desemba. Uje joto likiwepo, ukae na mjukuu wako, urudi kwenye moto wako kabla ya mwezi wa tano. Mimi siwezi kutoka hapa mwaka huu, labda hata mwakani. Ukitoa funguo zile, na wewe hutaweza.

Uliniuliza swali moja sahihi, nikalitafsiri nilivyotaka. Jibu lake ni hili: mwezi wa saba, mama, miguu inaganda.

Nitapiga simu Jumapili baada ya ibada. Niambie tu kwamba funguo bado umezifunga kwenye pindo la kitenge chako.

Mwanao wa kwanza,
Ezekia